Neno Nililomwambia Komanda

Ni mimi niliyemwambia komanda kwamba Papa anamchukia Koko. Katika maisha yangu nimeulizwa mara tatu kama ni mimi, na mara tatu nimesema hapana, tena kwa uso mkavu kabisa. Mara ya kwanza nilikuwa bado mtoto na aliyeuliza ni shangazi yangu. Mara ya pili nilikuwa msichana wa sekondari na aliyeuliza ni mama. Mara ya tatu nilikuwa na shahada mbili na aliyeuliza ni mimi mwenyewe, nikiandika makala juu ya familia zilizotekwa katika milima yetu. Nilipofika mahali hapo niliandika kwamba "komanda alipata habari", nikaweka nukta, nikaenda kupika. Kana kwamba habari ile ilimdondokea kutoka mawinguni.

Nalipwa mshahara, unapolipwa, kuwafundisha vijana wa chuo kikuu huko Goma namna ya kumhoji mtu aliyepatwa na mabaya. Nawaambia wasimharakishe. Nawaambia wasimwekee jibu mdomoni. Nawaambia mtu huficha neno moja tu, na maneno mengine yote anayoyasema yamesimama kulizunguka kama uzio. Wanaandika kwenye madaftari yao. Mimi nafuta ubao, naenda nyumbani na neno langu.

Koko alikufa mwaka huu. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Alikufa Kibabi, kitandani mwake, kwa uzee, kifo ambacho kwetu siku hizi ni kama zawadi. Siku ya matanga wanawake walikaa uani wakimenya maharage mabichi ya kuwalisha waombolezaji, nami nikaketi kati yao na vidole vyangu vya kushika chaki, nikimenya ganda moja wakati wenzangu wanamenya matano. Harufu ile ya maganda mabichi, harufu ya kijani yenye majimaji, ilinipanda puani, nikajikuta nina miaka saba. Nikamtafuta Papa, baba yangu, kwa macho. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mgongo ameuelekeza upande alikolazwa Koko, peke yake, kofia magotini. Alikuwa amekaa hivyo maisha yake yote.

Lazima nieleze, kwa sababu mimi sikuelezwa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Wanaitana bokilo, na kadiri mtu anavyomheshimu bokilo wake ndivyo anavyokaa mbali naye. Watu wazima wote walilijua jambo hili, na kwa kuwa wote walilijua, hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto.

Mimi nilichokuwa nacho ni ushahidi. Niliona Papa akifika mlangoni, anaona viatu vya Koko, anageuka kwenda kupasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa. Niliona Koko akisikia kikohozi cha Papa, anatoka kwa mlango wa nyuma na sufuria mkononi. Tena walizungumza kupitia kwangu.

"Ambia papa yako chakula iko tayari," Koko alikuwa akisema, na Papa amekaa hatua tatu kutoka pale.

"Ambia Koko yako aksanti. Nitakula huku inje."

Nami nageuka kushoto, nageuka kulia, nasema yote upya kama redio. Shuleni nilikuwa nimegombana na msichana mmoja anaitwa Esperance, na kwa mwezi mzima tulisemeshana kupitia mtoto aliyekaa kati yetu kwenye dawati. Basi nilijua vizuri sana mambo haya yanaitwaje.

Wakati huo tulikaa Kashuga. Papa alikuwa seremala, na watu walitoka vijiji vya mbali kuagiza milango yake. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wiki chache kabla, ndiyo maana Koko alikuwa amekuja kutoka Kibabi kusaidia. Maharage yalikuwa yamekomaa. Asubuhi moja tulikwenda shambani watatu: Koko na mimi tukang'oa upande wa juu karibu na njia, Papa akang'oa upande wa chini kabisa karibu na bonde, mbali nasi kama ilivyotakiwa. Watu wenye silaha walitokea njiani. Hawakupiga kelele. Mmoja alimwambia Koko aache kapu, asimame.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu na nililielewa vibaya kwa miaka mingi. Papa alikuwa mbali. Nyuma yake kulikuwa na mteremko, migomba, kisha mto. Hawakuwa wamemwona. Aliinua kichwa, akatuona, akatua mzigo wake wa maharage polepole, akaupangusa udongo kama anayeuacha mahali pazuri, akaanza kupanda kuja kwetu, mikono juu. Mimi nilidhani anakuja kunigombeza kwa sababu nimesimama bila kufanya kazi.

"Huyu ni nani?" wakamuuliza Koko.

"Iko papa ya huyu mutoto."

"Jina?"

Koko akanyamaza. Wakarudia, mmoja akainua kitako cha bunduki, na Koko akatazama chini akanyamaza tu, midomo imebana. Jina la bokilo halikuwahi kupita kinywani mwake na hakuwa tayari kulianzisha siku hiyo. Nikalisema mimi, kwa sauti ya darasani, jina na la ukoo. Nikaongeza ushahidi mwingine moyoni: hata jina lake hataki kulisikia.

Tulitembea siku mbili kuelekea misitu ya Walikale. Tulipofika kwenye mto wa kwanza, Koko alipandisha kikwembe chake mpaka magotini ili avuke, na Papa, aliyekuwa nyuma, akageuka ghafla akatazama tulikotoka. Bunduki tatu zikamwelekea.

"We! Unageuka wapi? Unataka kukimbia?"

"Hapana. Bokilo iko anavuka mayi."

Kisha mmoja wao, mzee wa ndevu zenye mvi ambaye baadaye nilimwita Papa Ndevu, akashusha bunduki yake. "Muache," akasema. "Hata mimi ningegeuka." Akageuka na yeye pia, akaupa mto mgongo. Bibi yangu alivuka mto wa kwanza wa utumwa wetu akiwa na heshima kuliko wanawake wengi wanaovuka barabara Goma.

Walituweka katika kibanda kimoja cha miti na majani. Kwa watekaji ilikuwa namna rahisi ya kutulinda. Kwa Papa na Koko ilikuwa mateso ambayo hakuna mtu mwenye bunduki angeweza kuyabuni kwa makusudi. Mchana ule wa kwanza walikaa kila mmoja kwenye kona yake, nyuso ukutani, na mimi katikati. Koko akafungua kikwembe chake cha juu akakitundika kwenye kamba kati yao. Kilikuwa kifupi. Kesho yake Papa Ndevu alikuja na mzigo wa matete, hakumsalimia mtu, akachomeka matete chini moja moja, akayafuma na kamba za mgomba, akagawa kibanda kile vyumba viwili. Wenzake walisimama mlangoni wakicheka.

"Muzee, unajengea wafungwa salon ya wageni?"

"Bokilo ni bokilo, hata mu pori," akajibu, na kamba iko kwenye meno. "We cheka tu. Hauna muke, utajua nini?"

Tulikaa mle wiki tatu. Najua inatakiwa niandike juu ya hofu, na hofu ilikuwepo. Ilikuwa kwenye namna watu wazima walivyonyamaza kila mara miguu ilipopita nje. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kazi yangu ya kupita kati ya vile vyumba viwili. Nilibeba shati la Papa lililochanika kwenda kwa Koko, nikalirudisha limeshonwa kwa uzi alioufumua kwenye pindo la nguo yake. Nilibeba muhogo wa Papa kwenda kwa Koko, kwa sababu Papa alisema ameshiba, na nikaurudisha uleule, kwa sababu Koko alisema meno yanamuuma. Muhogo ule ulisafiri mpaka nikaula mimi. Siku mvua ilipovuja, Papa aliomba ruhusa akakata majani mapana ya msituni, akapanda kuezeka upande wa Koko peke yake, na upande wake akauacha. Alilala kwenye tope. Mimi niliona kwamba anamfunika ili asimsikie akikoroma.

Kisha nikashikwa na homa. Ilinipanda, ikashuka, ikapanda. Komanda hakutaka mtoto afie kwenye kambi yake; alisema kifo cha mtoto kinaleta mikosi. Basi ikaamuliwa kwamba mtu mmoja mzima anibebe kunirudisha, na huyo huyo apeleke ujumbe wa kile walichokitaka kwa ndugu zetu. Mwingine atabaki kama rehani. Kila mtu kambini alijua atakayetoka ni Papa, kwa kuwa alikuwa na miguu, na mgongo wa kunibeba siku mbili.

Asubuhi moja homa ilikuwa imeshuka, na komanda aliniita. Alikuwa amekaa chini ya turubai akichoma mahindi. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na mafua. Alinivunjia nusu ya hindi, akaacha nile kwanza. Hakuniharakisha. Nawaambia wanafunzi wangu mambo haya kwa picha na michoro, lakini sijamwona mhoji bora kuliko yule.

"Iko tamu?"

"Iko tamu."

"Papa yako iko muntu muzuri?"

"Ndiyo. Anajua kutengeneza milango."

"Eh, milango! Na koko yako?"

"Na yeye muzuri."

"Basi Papa anamupenda Koko."

Nilicheka. Mtu mkubwa vile, na hajui. "Hapana," nikasema. "Anamuchukia sana. Hata hamuangaliaka. Hata jina yake hawezi kusema."

Komanda akapangusa pua. "Na kama Koko anabakia hapa, Papa atarudia kumuchukua?"

Nikafikiri. Nilitaka kujibu sawasawa, kama mtoto mzuri wa darasa la pili. Nikamfikiria Esperance. Kama Esperance angebaki msituni, je, ningerudi?

"Sizani," nikasema, na akanipa nusu ya pili ya hindi.

Mchana wa siku ile walitoa amri mpya. Atakayenibeba ni Koko. Papa atabaki. Sikumbuki mengi ya kuondoka. Homa ilikuwa imerudi. Nakumbuka mgongo wa Koko, mifupa yake kifuani mwangu, na jinsi alivyohema kwenye milima, akitembea na kuketi, akitembea na kuketi, mwanamke aliyekwisha kuwa na mvi. Nakumbuka pia kwamba hakusema neno hata moja mpaka tulipoona mabati ya Kashuga.

Kilichoombwa kilikusanywa, kikapelekwa. Papa hakurudi. Walimchukua kwenye machimbo ya upande wa Walikale, akachimbishwa miezi minne, mpaka kundi lile lilipohama na wachimbaji wakatawanyika. Alirudi kwa miguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na vidole vitatu. Jiwe lilikuwa limechukua vingine. Mwaka ule alijaribu kushika randa kwa mkono wa kushoto, akaharibu mbao mbili nzuri, akazipanga ukutani, akafunga sanduku la vifaa. Tangu siku hiyo aliketi kwenye kigoda akiwaelekeza mafundi wengine kwa maneno. "Punguza kidogo pale. Hapana, pale. Wacha." Milango mingi ya Kashuga imetengenezwa na mdomo wa baba yangu.

Shangazi ndiye aliyeuliza kwanza, akimwosha Papa mkono ule. "Nani alimuambia ule komanda aache mumama muzee atoke na fundi abakie? Ni we ulisema kitu?" Nilikuwa nimeshika beseni. Nikasema hapana. Nikaenda kumwaga maji.

Nilipofika miaka kumi na miwili binamu yangu aliolewa, na wanawake wakamweleza jikoni jinsi mume wake atakavyomheshimu mama mkwe. Hawataangaliana, wakasema. Hawatatajana. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Nilichambua ungo uleule mpaka wakaninyang'anya. Mpaka siku hiyo nilidhani nimetoa siri ya kweli kwa mtu asiyefaa. Kumbe sikutoa siri yoyote. Nilikuwa nimesema uongo, kwa hindi, na uongo ule ulimgharimu Papa mkono.

Mtu anaweza kuishi vizuri tu na jambo kama hili. Nimesoma, nimeolewa, nimenenepa. Ila sijawahi kumtazama baba yangu akila. Anapochukua tonge kwa vidole vile vitatu mimi nakumbuka ghafla kwamba kuna kitu nimesahau jikoni.

Baada ya matanga nilirudi Goma bila kusema. Pale Kibabi nilikuwa na siku tano, baba yangu mbele yangu, na njia nzima ya kutembea naye. Nilimsemesha juu ya bei ya mabati. Wiki iliyofuata akapiga simu. Mtandao unapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo sauti yake ilikuja na upepo na pumzi ya kupanda.

"Ulifika?"

"Nilifika, Papa. Iko wiki sasa."

"Mtandao ilikuwa imekufa. Basi, nilitaka kusikia tu."

Nikasema kabla sijaanza kujipangia. "Papa, kule mu pori. Ni mimi nilimuambia komanda kama unamuchukia Koko."

Upepo ukavuma kwenye simu. Nilimsikia akitafuta mahali pa kukaa.

"Minajua," akasema.

"Unajua?"

"Alitoka kwako akakuja sawa sawa mpaka ku kibanda. Akaniuliza: mutoto anasema unachukia ule mumama, iko kweli? Mimi siku ile nilikuwa nimeishakosa akili. Kubeba wewe, sawa, ningekubeba. Lakini niende na miguu yangu, niache mama ya muke wangu na bale batu? Ningemuambia nini mama yako? Nilikuwa ninatafuta mulango na sioni. Ndipo anakuja na ile neno yako." Akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na pumzi. "Nikasema iko kweli. Nikasema ni mulozi, muchawi. Nikasema alinikulia batoto babili, na hata mukimuchinja leo sitatoa machozi. Nikatema mate chini. Akasema, basi, atatoka yeye, we hautarudia kwa muntu kama huyo."

Papa hajawahi kuzika mtoto. Sisi wote tuko hai.

"Na Koko alikuwa wapi?"

"Nyuma ya matete. Hapo hapo."

Yeye akaendelea, kwa sauti ya chini sasa.

"Mwaka nilirudia, nilimupelekea mbuzi ya kuomba musamaha. Kutukana bokilo vile, muntu anaweza kufa nayo. Akairudisha. Akatuma shangazi yako: mumuambie siku ile nilikuwa nimelala, sikusikia kitu."

"Alikuwa amelala?"

"Saa ine ya asubui? Na komanda ku mulango? Nilimuletea tena mwaka ya pili. Akasema ile ile: nilikuwa nimelala. Mpaka anakufa alikuwa amelala."

Nilikuwa nalia, na nilijitahidi kulia bila sauti, jambo ambalo kwenye simu ni kazi bure.

"Na mukono, Papa?"

"Mukono nini?"

"Ni juu yangu."

"Ulikuwa na myaka ngapi?"

"Saba."

"Mimi nilikuwa na makumi tatu na tano." Nikamsikia akiinuka, mawe yakiteleza chini ya viatu vyake. "We ulisema yako, na mimi nikasema yangu. Aliamini yangu."